Sola au jenereta kwenye kituo cha afya? Angalia kwanza nani atalipa mwaka wa sita

Swali hili huwa linakuja hivyohivyo kila mara. Kituo hakina umeme wa uhakika, gridi haijafika au imefika ila inakatika kila siku, kuna pesa kidogo imepatikana na mtu wa mipango kashika proforma mbili mkononi, yaani karatasi za bei za muuzaji, ya jenereta iko chini, ya sola iko juu sana, na bosi anataka jibu ndani ya wiki. Achukue ipi?

Naanza na msimamo wangu kabisa usije ukasoma mpaka chini unautafuta. Zahanati na kituo cha afya cha kawaida, sola. Hospitali inayofanya upasuaji usiku, sola pamoja na jenereta, sio moja tu. Ila kama hakuna mtu aliyeandika mahali popote kwamba betri za hiyo sola zikifa zitanunuliwa kwa pesa ya nani, usiifunge kwanza, rudi mezani mkalimalize hilo, maana mwaka wa tano au wa sita mtakuwa gizani tena na paneli zinang'aa juu ya bati.

Na giza lenyewe sio jambo dogo. Ripoti ya Januari 2023 iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, IRENA (shirika la kimataifa la nishati jadidifu) na SEforALL (shirika la nishati kwa wote) ilisema karibu watu bilioni 1 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati-chini wanatibiwa kwenye vituo visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa, na Afrika kusini mwa Sahara ni nusu tu ya hospitali ndo zina umeme wa kutegemewa. Kuvifikisha vituo hivyo kiwango cha chini kabisa cha umeme walikadiria dola bilioni 4.9. Ukishakaa leba usiku mmoja wa namna hiyo hizo namba zinakuwa na sura. Mkunga kashika simu kwa meno, tochi inamulika chini, mikono yote miwili iko kwa mtoto, halafu mtoto akishatoka salama bado kuna kumshona mama aliyechanika kwa mwanga huohuo wa simu yenye chaji asilimia 9. Nimeiona hiyo na sijaisahau.

Bei ya kununua na bei ya kuishi nayo

Hapa ndo watu wengi wanateleza. Proforma inakuonyesha bei ya siku ya kwanza. Jenereta siku ya kwanza ni rahisi, gharama yake inakuja kidogokidogo kila siku kwenye dumu la dizeli, wakati sola unalipa karibu yote siku ya kwanza halafu inakaa kimya mpaka siku ya betri.

Tuchukue mfano tuupigie hesabu kwa lita, bei utaweka mwenyewe ya kwako. Zahanati yenye taa, friji ya chanjo, hadubini, kompyuta, saksheni (mashine ya kunyonya majimaji) na simu za kazi, tuseme inakula uniti 10, yaani kilowati-saa 10, kwa siku. Jenereta ndogo inahitaji kama lita 0.4 hadi 0.5 ya dizeli kwa kila uniti, tena ikiendeshwa na mzigo mdogo kuliko uwezo wake inakula zaidi ya hapo na kujaza masizi ndani. Kwahiyo ni lita 4 mpaka 5 kwa siku, karibu lita 1,500 mpaka 1,800 kwa mwaka, miaka 10 ni lita 15,000 hadi 18,000. Ongeza oili, filta, fundi, na nauli ya kuyafikisha mafuta kituoni, hiyo nauli huwa inasahaulika kabisa na kwa vituo vya mbali sio ndogo.

Sola kwa uniti hizohizo 10: jua zuri la saa 5 kwa siku na upotevu wa kawaida kwenye nyaya na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani), paneli za kilowati 3 zinatosha, ila msimu wa mawingu jua zuri likipungua kuwa la saa 3 na nusu tu kwa siku unahitaji kilowati 4, na mimi nasema pima kwa mwezi mbaya kuliko yote usipime kwa wastani wa mwaka, maana wagonjwa hawasubiri kiangazi. Bei za paneli zilishuka karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, kwahiyo kuongeza hiyo kilowati moja siku hizi sio mzigo kama ilivyokuwa zamani. Mzigo uko kwenye betri, nitafika huko.

Sasa kuna kitu kuhusu hesabu ya jenereta ambacho kinanisumbua sana. Ukienda kituoni kuangalia matumizi halisi hukuti lita 1,800. Unakuta lita 400, au 300. Mtu wa mipango anasema bana jenereta mbona haili sana, rahisi hii. Hapana. Haili kwasababu haiwashwi. Ufunguo anao inchaji, dumu limefungwa stoo, inawashwa saa 1 usiku mpaka saa 4 na baada ya hapo ni tochi, au inawashwa tu mama akiwa kwenye hali mbaya na ndugu wakachangishwa mafuta. Ukilinganisha sola inayowaka saa 24 na jenereta inayowaka saa 3 halafu ukasema jenereta ni nafuu umelinganisha vitu viwili tofauti. Pima gharama kwa kila saa ya umeme ambayo kituo kilikuwa nayo kweli, na zile saa ambazo hakikuwa nayo ziandike pia, kwasababu kuna mtu alizilipia, mara nyingi ni familia iliyokodi gari kwenda hospitali ya rufaa.

Jambo jingine la kiuchumi, la thamani ya pesa ya kesho. Wachumi wa afya wengi wanatumia punguzo la asilimia 3 kwa mwaka, yaani 100 utakayolipa mwaka wa 10 wanaihesabu leo kama 74 hivi. Lakini serikali inayokopa kwa asilimia 12 ikitumia kiwango hicho, ile 100 inakuwa kama 32 tu. Unaona kilichotokea? Dizeli ya miaka ya mbele inaonekana ndogo, na sola inayolipwa yote leo inaonekana ghali. Hii ndo sababu nchi maskini kwenye makaratasi inaweza kuikataa sola ambayo nchi tajiri yenye jua lilelile ingeichukua bila ubishi. Kama pesa ya kununulia ni ruzuku isiyorudishwa, usiingize hiyo asilimia 12 kwenye manunuzi, kaa na swali moja tu la gharama za kila mwaka, na hapo jenereta haina pa kutokea.

Maji yakija, jua likiwa kali, upepo ukivuma

Kilichonifanya nihamie upande wa sola moja kwa moja ni barabara. Jenereta ni mashine nzuri ila inategemea lori, na lori linategemea daraja. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, barabara kuu ya kuingia mjini ilikatika, kwa siku kadhaa mji ukawa wa kufikiwa kwa ndege au kwa maji, na muda mfupi baadae kipindupindu kikazuka wakapatikana wagonjwa zaidi ya 6,000. Yaani mahitaji ya umeme yanapanda wakati huohuo mafuta hayafiki. Malawi nayo mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliikuta nchi iko katikati ya mlipuko mkubwa wa kipindupindu kuliko wowote katika historia yake, ulioua zaidi ya watu 1,700.

Kuna wanaosema basi tusubiri gridi. Gridi ikiwa imara chukua, tena ni nafuu kuliko vyote, sina ugomvi nayo. Ila nchi nyingi za huku gridi yake ni maji ya mabwawa na maji yenyewe sasa hayatabiriki kwa pande zote mbili. Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu mtambo wa umeme wa maji wa Kapichira Malawi, megawati karibu 130 zikapotea kwa mara moja kwenye nchi yenye umeme mdogo. Zambia ilikuwa inapata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa maji, ukame wa 2024 ukashusha bwawa la Kariba na mgao ukawa wa saa nyingi mno kwa siku. Mafuriko yanakata, ukame unakata. Kwahiyo hata kituo chenye gridi kinahitaji cha pili, na swali la sola au jenereta linarudi palepale.

Sola nayo sio kwamba haiguswi. Paneli zilizofungwa kwenye paa bovu zinaondoka na paa, nimekuta kituo kimefunga paneli mpya kwenye mbao zilizoliwa na mchwa, pesa yote ya ukaguzi wa paa iliokolewa na ndo ikawa hasara. Joto likizidi paneli zinatoa pungufu, kama asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25, hiyo inavumilika. Joto linaumiza betri zaidi. Vumbi ni la kufuta tu, lakini mtu wa kufuta awe anajulikana jina na siku.

Betri

Hii ndo sehemu ya kukaa nayo. Kuna betri za risasi, zile za asidi, na kuna za lithiamu. Za risasi bei ya kununua iko chini, lakini hutakiwi kuzitumia zaidi ya nusu ya chaji yake, na joto likipanda digrii 10 juu ya 25 maisha yake yanakatika nusu. Chumba cha bati kisicho na dirisha mchana wa kiangazi kinafika wapi? Betri iliyoandikwa miaka 5 humo ndani inakufa miaka 2 na nusu. Za lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 au 90 na zikakaa miaka 8 mpaka 10 zikitunzwa.

Kwa zahanati yetu ya uniti 10, tukitaka siku 2 za mawingu zipite bila taabu, tunahitaji uniti 20 za kutumika kweli. Za risasi lazima ununue za uniti 40, za lithiamu kama 23 hadi 25 hivi. Ukishaliona hilo ule unafuu wa risasi unayeyuka, halafu ukihesabu kwamba ndani ya miaka 10 utanunua risasi mara mbili au tatu, mimi sioni tena sababu ya kuzichukua labda kama lithiamu haipatikani kabisa na hakuna fundi wake wa karibu.

Jinsi zinavyokufa huwa inafanana. Mwaka wa kwanza kila kitu safi. Halafu nyumba ya muuguzi inavutiwa waya, mtu akileta pasi, mwingine friji ya soda, chaji za simu za kijiji kizima zinakuja pale dirishani. Hakuna mwenye kosa hapo, mtu mwenye giza ataufuata umeme ulipo. Inveta inaanza kulia saa 8 usiku, piii, piii, wanaizima ile sauti, betri zinashuka mpaka chini kila usiku, miezi inapita, siku moja asubuhi haziamki. Dawa yake ni ya siku ya kufunga: laini ya leba, friji na dharura iwe peke yake isiyoguswa, laini ya nyumba za watumishi iwe nyingine yenye betri yake, na mtumishi apate umeme kweli kwasababu asipopata ataivuta ile ya leba.

Na pesa? Chukua bei ya betri gawanya kwa miezi ya maisha yake, lithiamu ya miaka 10 ni miezi 120, risasi ya miaka 4 ni miezi 48, hicho ndo kiasi cha kuweka kila mwezi. Rahisi hivyo kwenye karatasi, ila sehemu nyingi haiwezekani, maana pesa isiyotumika mwisho wa mwaka wa fedha inarudi hazina. Kituo hakiruhusiwi kudunduliza. Mfadhili anatoa fungu la maendeleo akafunga sola akapiga picha akaondoka, na fungu la matumizi ya kawaida halina mstari wa betri, lina mstari wa dizeli! Ndo maana jenereta inaendelea kushinda kwenye wilaya zenye jua la kutosha, mfumo wa bajeti unajua kununua mafuta kila mwezi na haujui kununua betri mara moja kwa miaka 8. Kama wewe ni mtu wa wilaya, huo mstari ndo upiganie kabla ya kupigania paneli.

Kununua au kulipia huduma

Kuna njia ya kukwepa hilo tatizo, kampuni inafunga mtambo wake, inautunza, inabadilisha betri, kituo au wizara inalipa kwa mwezi kama bili. Ile gharama kubwa ya miaka 8 inageuka kuwa ndogo ya kila mwezi na inaingia vizuri kwenye matumizi ya kawaida. Naipenda kwa vituo vingi vikifungwa pamoja kwenye mkataba mmoja, kampuni ikiwa na fundi wa kuzunguka. Ila soma mkataba. Malipo yakifungwa kwa dola na sarafu yenu ikashuka mtaumia, na kuwe na kifungu cha malipo kwa saa za umeme zilizopatikana, betri ikifa wiki 3 bila kubadilishwa kampuni isilipwe wiki hizo. Na serikali ikichelewesha malipo, ambayo hutokea, leba isizimwe.

Kununua kwenu wenyewe ni sawa kama mna fundi wa wilaya anayelipwa, mwenye usafiri na vipuri. Kama hana pikipiki wala mafuta ya pikipiki, hamna fundi.

Friji ya chanjo uitenge

Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, ikizidi inaharibika na ikiganda inaharibika pia, ile ya pepopunda na ya homa ya ini B zikiganda zimekwisha hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Friji za gesi na mafuta ya taa ni ngumu kuzitawala joto. Siku hizi kuna friji za sola zisizo na betri kabisa, paneli inagandisha barafu ndani mchana na barafu ndo inatunza baridi usiku, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni angalau siku 3 bila jua. Hazina betri ya kufa. Kwahiyo hata kama jibu lako la kituo kizima ni jenereta, friji ya chanjo ichukue ya namna hii, hapo hata silinganishi. Aina mpya zinaruhusu umeme unaobaki kuwasha taa na kuchaji simu bila kuigusa baridi.

Ukiwa na oksijeni

Mashine ya oksijeni ya lita 5 inavuta kama wati 350, ikiwaka mchana na usiku ni uniti 8.4, karibu sawa na zahanati yote tuliyoipigia hesabu. Waliosahau kuihesabu ndo wale wanaolaumu sola haina nguvu. Lakini ukiihesabu inalipa kuliko kitu chochote ninachokijua kwenye mada hii. Uganda walijaribu oksijeni ya sola kwenye hospitali 20, matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet 2024, na vifo vya watoto waliolazwa wakiwa na upungufu wa oksijeni vilipungua karibu nusu ndani ya saa 48 za mwanzo. Karibu nusu, jamani. Mtungi wa oksijeni unategemea barabara ileile ya dizeli.

Kwahiyo unachagua hivi

Zahanati isiyolaza: sola yenye lithiamu, friji ya chanjo yenye paneli zake, hakuna jenereta, pesa ya jenereta iende kwenye paa na kwenye laini ya watumishi. Kituo chenye leba na oksijeni: sola iliyopimwa kwa mwezi wa mawingu na oksijeni imehesabiwa, na jenereta ndogo ya akiba kama kituo kiko mahali panapofunikwa na mawingu wiki nzima. Hospitali yenye chumba cha upasuaji, eksirei na mtambo wa kuchemshia vifaa unaovuta kilowati 2 au 3 kwa mkupuo: sola ibebe mzigo wa kila siku, jenereta iwe ya mizigo mizito na ya usiku mbaya, na hapo dizeli inapungua sana lakini haiishi. Mafuta ya akiba yajazwe kabla ya mvua na yazungushwe, dizeli iliyokaa zaidi ya mwaka inaingia maji na uchafu na itakuangusha siku unayoihitaji. Moshi usielekee wodini.

Na kabla fundi hajaanza kuchimba, tafuta wazee wa jirani muwaulize mafuriko makubwa kuliko yote wanayoyakumbuka yalifika wapi, wakuonyeshe ukutani kwa kidole, piga chaki pale. Betri, inveta na jenereta vyote vikae juu ya hiyo chaki.